Yogyakarta au Solo: ukipata nafasi ya mji mmoja tu Java

Msafiri anayetaka kuona mambo ya kale katika kisiwa cha Java, Indonesia, huambiwa aende Yogyakarta, na mara nyingi anayemshauri hataji mji mwingine. Solo, ambao kwenye hati za serikali huandikwa Surakarta, husikika kama jina la kituo cha treni kinachofuata tu. Ushauri huo una ukweli wake, lakini unamnyima mtu nusu ya habari. Miji hii imeachana kwa kilomita 60 hivi. Yote ina makasri, yote ina wafalme, kila mmoja hudai kwamba Ujava halisi uko kwake, na kila mmoja una mgeni anayeufaa. Nalinganisha hapa nikimfikiria mtu mwenye siku tatu au nne, anayetaka kujua mizigo aitue wapi.

Kwa nini iko miwili

Zamani ufalme wa Mataram ulikuwa mmoja. Mwaka 1742 mji wake mkuu, Kartasura, ulitekwa na waasi katika vita vilivyozuka baada ya mauaji ya Wachina huko Batavia, Jakarta ya leo. Kwa imani ya Kijava kasri lililovamiwa halikaliki tena, basi mwaka 1745 mfalme Pakubuwono II akahamia kijiji cha Sala, kando ya mto Bengawan Solo. Huo ndio mwanzo wa Solo. Haukupita muda, ndugu yake wa baba mmoja, mwanamfalme Mangkubumi, akaingia vitani kuwapinga Waholanzi wa kampuni ya biashara ya VOC, ambao walikuwa wakizidi kuumeza ufalme. Vita vilipowachosha wote, tarehe 13 Februari 1755 ukatiwa saini mkataba wa Giyanti: Pakubuwono III abaki Solo na nusu yake, Mangkubumi achukue nusu ya pili. Mangkubumi akajenga Yogyakarta na kujiita Hamengkubuwono I.

Kumegana hakukuishia hapo. Mwaka 1757 sehemu ya Solo akapewa Raden Mas Said, mpiganaji mwingine aliyeshindikana, akawa Mangkunegara wa kwanza. Mwaka 1813 Waingereza, waliokuwa wamewapokonya Waholanzi kisiwa kwa muda, wakaimega na Yogyakarta, ikapatikana nyumba ya Pakualaman. Ndiyo maana kila mji hadi leo una nyumba mbili za kifalme, moja kubwa na moja ndogo.

Hata hivyo, tofauti utakayoiona kwa macho ukitembea mitaani ilitokana zaidi na miaka ya uhuru. Mwaka 1945 Hamengkubuwono IX alijiunga haraka na Jamhuri changa ya Indonesia chini ya rais Soekarno, na kuanzia Januari 1946 Yogyakarta ikawa makao makuu ya nchi hadi mwisho wa 1949. Jamhuri haikusahau fadhila: mkoa ukabaki maalum, na sultani akabaki na madaraka. Solo nako kulizuka vuguvugu kali la kuupinga utawala wa kifalme, na mwaka 1946 hadhi yake maalum ikaondolewa. Mfalme wa Solo akabaki na cheo, kasri na ndugu wengi. Mamlaka yakaenda kwingine. Hili likikukaa kichwani, mengi ya hapa chini yatajieleza yenyewe.

Makasri

Kasri la Yogyakarta lina mwenye nyumba anayetawala kweli. Hamengkubuwono X ni sultani na papo hapo ni gavana wa mkoa, na hapigiwi kura. Sheria namba 13 ya mwaka 2012 ndiyo iliyolithibitisha hilo. Serikali kuu huutengea mkoa fungu la pekee kwa sababu ya hadhi hiyo, na sehemu ya fedha hizo inaonekana ukuta kwa ukuta. Ngome imepakwa chokaa ikameta, viwanja vimefagiwa, maelezo yapo. Asubuhi kuna gamelan, yaani muziki wa magongo na vyombo vya shaba, kuna ngoma au vikaragosi vya wayang ukumbini, kila siku kitu chake. Watumishi wa kasri, abdi dalem, wanapita peku wakiwa na mashati yao ya mistari ya buluu iliyoiva na jambia la keris mgongoni. Ni wazee kwa vijana, na wengi wanatumikia kwa heshima na baraka kuliko kwa mshahara.

Siasa zake nazo ni hai. Sultani ana mabinti watano na hana mtoto wa kiume. Mwaka 2015 alimpa binti yake mkubwa jina la Mangkubumi, na wengi wakalisoma kama dalili kwamba anaandaliwa kurithi. Baadhi ya ndugu zake sultani walikasirika waziwazi. Muulize mwenye duka la kahawa karibu na ngome naye atakuwa na maoni yake, ila atayasema kwa sauti ya chini na kwa tabasamu, kama ilivyo ada ya Kijava.

Pembeni ya kasri iko Taman Sari, bustani ya maji aliyoijenga Hamengkubuwono I, yenye madimbwi ya kuogea, vijia vya chini kwa chini na msikiti wa duara ulio chini ya ardhi, ambamo ngazi tano hukutana katikati. Tetemeko la mwaka 1867 liliharibu sehemu kubwa, watu wakajenga nyumba zao humo kwenye magofu, na hadi leo unapita kati ya nguo zilizoanikwa na mabirika ya kifalme. Nenda mapema. Saa nne asubuhi foleni ya wapiga picha kwenye zile ngazi inaudhi.

Mwaka 2023 UNESCO iliingiza kwenye urithi wa dunia ule mstari mzima unaotoka mnara wa Tugu kaskazini, ukapita barabara ya Malioboro na kasri, hadi Panggung Krapyak kusini. Wenyewe husema mstari huo unaunganisha mlima Merapi na bahari ya kusini, anakotawala malkia wa majini, Ratu Kidul, na sultani amekaa katikati kusawazisha. Ukiutembea kwa miguu, mji unaanza kueleweka.

Sasa Solo. Kasri la Pakubuwono lilishika moto usiku wa tarehe 31 Januari 1985, na majengo ya ndani yakateketea kabla ya kujengwa upya. Mnara wa Panggung Sangga Buwana, ambako husemwa mfalme alikuwa akikutana na huyohuyo Ratu Kidul, ulinusurika. Uani kuna mchanga na miti ya sawo kecik yenye kivuli kizuri. Ukiwa umevaa kandambili utazivua, na kofia na miwani ya jua vilevile. Ila makumbusho yake yana vumbi na kabati nyingi hazina maelezo. Pakubuwono XII alifariki mwaka 2004 bila kutaja mrithi, wana wawili wakajitangaza wafalme, na ugomvi wa nyumba ile umekuwa ukiibuka na kuzama tangu hapo. Usishangae ukikuta mlango fulani umefungwa na hakuna wa kukueleza sababu.

Kwa kasri kuu, basi, Yogyakarta inashinda, tena kwa mbali. Kwenye kasri dogo mambo yanageuka. Pakualaman ya Yogyakarta haina mengi ya kumwonyesha mgeni, lakini Mangkunegaran ya Solo ni mahali ambapo mimi ningekwenda hata kama sina haja na kasri lingine lolote Java. Ukumbi wake wa wazi, pendapa, ni miongoni mwa kumbi kubwa za aina hiyo nchini: nguzo za mjati, sakafu ya marumaru kutoka Italia, na dari iliyochorwa alama za nyota kwa rangi kali ambazo hukuzitarajia. Mwongozaji hukutembeza kwa utulivu hadi vyumba vya ndani. Jumatano asubuhi kuna mazoezi ya ngoma kwa gamelan ya kale iitwayo Kyai Kanyut Mesem, na kwa kuwa ni mazoezi, utamwona mwalimu akimsimamisha mchezaji na kumrekebisha kidole. Onyesho la watalii halikupi hicho.

Mahekalu, na fuvu la mzee wetu

Kwa mtu anayekwenda mara moja maishani, Borobudur peke yake inatosha kumpeleka Yogyakarta. Iko Magelang, kilomita 40 hivi kaskazini magharibi. Wafalme wa Sailendra waliijenga karne ya 8 na ya 9, kabla Uislamu haujafika Java: ngazi sita za mraba, tatu za duara, sanamu 504 za Buddha na vibao 2,672 vya michongo. Siku hizi wanaoruhusiwa kupanda juu ni 1,200 kwa siku, kwa makundi yenye mwongozaji na kwa ndara maalum za kulinda mawe, kwa hiyo tiketi ya kupanda ikate mapema. Tiketi ya uwanjani pekee ni nafuu, lakini utabaki chini unaangalia juu.

Watu wa pwani wana sababu ya ziada ya kufika huko. Kwenye michongo kuna merikebu zenye matanga na mirengu pembeni, na mwenye kuijua ngalawa ataitambua ile mirengu mara moja. Wataalamu wengi huamini kwamba ufundi huo ulivuka Bahari ya Hindi na mabaharia wa visiwa vile, haohao ambao lugha yao ndiyo iliyozaa Kimalagasi. Mwaka 2003 chombo kilichojengwa kwa kufuata michongo hiyo kiling'oa nanga Indonesia, kikapitia Shelisheli, Madagaska na Cape Town, kikafika Accra mwaka 2004. Kimehifadhiwa palepale Borobudur katika jumba la Samudraraksa, na wageni wengi hulipita bila kugeuza shingo. Wewe ingia.

Prambanan ni ya Wahindu, ya karne ya 9, na mnara wake wa Shiva una kimo cha mita 47. Tetemeko la Mei 2006, lililoua watu zaidi ya 5,000 katika eneo hilo, liliutikisa vibaya, na ukarabati ukachukua miaka. Wengi huihesabu kuwa mali ya Yogyakarta kwa kuwa iko kilomita 17 tu mashariki ya mji, lakini treni ya Solo husimama kituo cha Brambanan, na kutoka hapo ni mwendo mfupi. Kwa hiyo isiwe sababu ya kuchagua. Utaifikia kutoka pande zote mbili. Miezi ya kiangazi huchezwa Ramayana usiku katika ukumbi wa wazi, mahekalu yakiwa yamemulikwa nyuma ya jukwaa. Hapo anayelala Yogyakarta ana nafuu ya kurudi kitandani mapema.

Solo haina kitu cha ukubwa huo. Ina Sukuh na Cetho, kwenye mteremko wa mlima Lawu, mahekalu ya karne ya 15 yaliyojengwa wakati dola ya Majapahit inakata roho. Sukuh ina umbo la piramidi iliyokatwa kichwa, na michongo yake inahusu uzazi bila kuficha lolote. Ukiwa umesafiri na mkweo, fikiria mara mbili. Cetho iko juu zaidi, kupita mashamba ya chai ya Kemuning, kwenye ukungu na baridi, na waumini wa Kihindu bado wanasali hapo. Barabara ni kali, chukua dereva mwenyeji.

Halafu kuna Sangiran, kilomita 15 hivi kaskazini ya Solo, urithi wa dunia tangu 1996. Hapo, kuanzia mwaka 1936, mtaalamu wa visukuku von Koenigswald alifukua visukuku vya binadamu wa kale, Homo erectus, na eneo hilo limekaliwa tangu miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kwa Mtanzania aliyelelewa na habari za Olduvai, au Mkenya anayemjua kijana wa Turkana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, Sangiran ni kwenda kuwaona jamaa waliotoka Afrika wakafika mbali. Jumba la makumbusho ni la kisasa na limepangwa vizuri, tena halina msongamano. Ajabu ni kwamba wanaolala Yogyakarta karibu wote hawafiki.

Batiki na masoko

Vitenge vya wax tunavyovaa vina damu ya Java. Katika karne ya 19 Waholanzi walijaribu kuiga batiki ya huko kwa mashine ili wawauzie Wajava wenyewe. Soko walilolitarajia halikukaa, ila watu wa Afrika Magharibi wakaipenda, na mengine tunayajua. Mwenye kupenda nguo, kwa hiyo, anarudi kwenye chimbuko, na chimbuko lenyewe liko zaidi Solo.

Tofauti utaiona kwa jicho. Batiki ya Yogyakarta hupenda nyeupe safi pamoja na buluu ya nili na kahawia iliyokolea. Ya Solo ni ya kahawia iitwayo soga, iliyoelekea manjano ya malai, imetulia. Hata kilemba cha wanaume, blangkon, kina alama yake: cha Yogyakarta kina kifundo kisogoni, cha Solo ni bapa. Baadhi ya nakshi, hasa parang yenye mawimbi ya mshazari, zilikuwa za wafalme pekee, na ndani ya kasri la Yogyakarta hazivaliwi ovyo hadi leo. Kabla ya kuingia na shati lako jipya, uliza.

Yogyakarta utanunua Malioboro na soko la Beringharjo. Wachuuzi wa vibarazani walihamishiwa kwenye majengo maalum mwaka 2022, kwa hiyo barabara imepumua, ila mgeni hafiki mita mia bila kukutana na kijana mchangamfu atakayemwambia kwamba kuna maonyesho ya wanafunzi wa sanaa na yanafungwa leo. Yamekuwa yakifungwa leo kwa miaka mingi. Nilimfuata mmoja, nikapewa chai, na picha niliyouziwa ilikuwa na bei ya kunitosha kula juma zima. Chai yao kunywa, pochi usiitoe.

Solo kuna Laweyan, mtaa wa matajiri wa batiki wa zamani. Vichochoro vyembamba, kuta ndefu, milango mikubwa ya mbao, na ukiingia ndani unakuta ua mpana na wanawake wameketi kwenye vigoda wakidondosha nta ya moto kwa kikalamu cha shaba kiitwacho canting. Mtaa huo ndio alikotoka Haji Samanhudi, mfanyabiashara wa batiki aliyeanzisha Sarekat Dagang Islam, chama cha wafanyabiashara Waislamu kilichokuja kuwa vuguvugu kubwa la kupinga ukoloni. Wenye nyumba wengi hawana haraka ya kukuuzia. Makumbusho ya Danar Hadi, katikati ya mji, yanaonyesha batiki za makasri, za Wachina, za Waholanzi na za wakati wa Wajapani kwa mpangilio ambao sijauona pengine. Kwa kununua jumla kuna soko la Klewer, jirani na kasri, lililoungua Desemba 2014 na kujengwa upya. Wanaonunua kwa ajili ya biashara Dar es Salaam au Mombasa waende huko, wala wasihangaike na Malioboro.

Namna ya kujua kama umeuziwa halali: geuza kitambaa. Batiki ya mkono, tulis, rangi imepenya pande zote mbili na nakshi hazifanani kabisa. Ya muhuri wa shaba, cap, hujirudia sawasawa. Iliyochapwa kiwandani, upande wa nyuma umepauka. Zote zina wateja, ubaya ni kulipa bei ya kwanza ukapewa ya tatu.

Fedha ni habari tofauti. Kotagede, ndani ya Yogyakarta, ndiyo mji wa wafua fedha na ndiko alikozikwa Panembahan Senopati, mwanzilishi wa Mataram. Mitaa yake ni mizuri kuliko maduka yake.

Chakula, kwa wanaojali

Yogyakarta hula vitamu. Chakula chake maarufu ni gudeg: fenesi changa lililopikwa kwa saa nyingi na tui la nazi na sukari ya mnazi hadi likawa kahawia, likaliwa na wali, kuku, yai na ngozi ya ng'ombe yenye pilipili. Wengine huipenda siku ya kwanza na kuikimbia ya pili. Kinachowafaa zaidi watu wa kwetu ni sate klathak, mishikaki ya mbuzi kwenye barabara ya Imogiri, inayochomwa kwa chumvi tu juu ya spoki za baiskeli. Usiku, karibu na kituo cha Tugu, kuna kahawa inayotumbukizwa kaa la moto, kopi joss. Ni mchezo zaidi kuliko kahawa.

Lakini Solo ndiko wanakojua kula. Nasi liwet ni wali wa nazi wenye kuku wa kuchambua na mchuzi wa mboga, na huuzwa kwenye majani ya mgomba alfajiri na usiku. Tengkleng ni mifupa ya mbuzi kwenye mchuzi mwepesi wenye viungo, chakula cha watu waliokuwa wakiachiwa mifupa wakati nyama ikienda kwa wakubwa, na sasa wakubwa wanapanga foleni. Kuna supu ya timlo, kuna selat, ambayo ni nyama ya Kizungu iliyogeuzwa kuwa ya Kijava, na kuna serabi, binamu halisi wa vibibi vyetu. Dawet ya soko la Gede, jengo zuri la mwaka 1930 lililochorwa na Thomas Karsten, ndiyo kinywaji cha mchana wa jua.

Tahadhari moja kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyetaka: Solo kuna vibanda vinavyouza nyama ya mbwa. Vibao havisemi wazi. Ukiona neno guguk, au mishikaki iitwayo sate jamu, pita zako.

Usiku wa Suro na mwezi wa Maulidi

Kama tarehe zako zinahamishika, zihamishie hapa. Sultan Agung, mfalme wa Mataram, aliunganisha kalenda ya Kijava na ya Hijria mwaka 1633, kwa hiyo mwaka mpya wa Kijava, tarehe mosi Suro, ni mosi Muharram, Mfungo Nne wetu. Usiku wa kuamkia siku hiyo miji yote miwili hukesha, na kila mmoja kivyake. Yogyakarta maelfu ya watu huzunguka kuta za ngome kwa miguu bila kusema neno, bila kula, bila kunywa, kundi zima likiwa kimya kiasi cha kusikia nyayo. Solo silaha na vitu vitakatifu vya kasri hutolewa kwa maandamano yanayotanguliwa na nyati weupe wa kufugwa, ukoo wa Kyai Slamet. Nyati wasipotaka kutoka, wafalme na raia wote wanasubiri. Wako wanaogombania kinyesi chao kwa kutafuta baraka. Mashehe wengi wa huko hawakubaliani na hayo, na watakuambia.

Nasema wazi: kwa usiku huo, Solo. Kwa Maulidi, Yogyakarta. Sekaten, sherehe ya Maulidi ya huko, hufanyika kote, gamelan kongwe zinapelekwa uani mwa msikiti mkuu na kupigwa kwa siku kadhaa, ila milima ya vyakula, gunungan, inapotoka kasrini Yogyakarta siku ya Maulidi na kuvamiwa na umati, shamrashamra yake haina mfano. Aliyezoea Maulidi ya Lamu ataona mambo mengi ya kwao na mengi ya kumshangaza. Na palepale nyuma ya msikiti huo, mtaa wa Kauman, Ahmad Dahlan alianzisha Muhammadiyah mwaka 1912, jumuiya iliyotaka kuyasafisha mambo hayohayo. Miaka zaidi ya mia imepita na yote mawili yapo.

Usiku wa kawaida pia Solo ina kitu: ukumbi wa Sriwedari huigiza wayang orang, tamthilia ya watu badala ya vikaragosi, desturi iliyoanza mapema karne ya 20. Tiketi ni rahisi mno, waigizaji ni mahiri, na viti vingi huwa vitupu. Yogyakarta vikaragosi vya ngozi huonyeshwa makumbusho ya Sonobudoyo, kwa muda uliofupishwa kwa ajili ya wageni.

Kulala, kusafiri, na msikiti wa Abu Dhabi

Yogyakarta ni mji wa wanafunzi, kuanzia chuo kikuu cha Gadjah Mada, kwa hiyo ina kahawa, muziki, vyumba vya kila bei na watu wengi wanaozungumza Kiingereza. Sikukuu za Idi na za Desemba foleni za magari hukaba kabisa. Solo ni tulivu, hoteli nzuri hupatikana kwa bei ya chini, na saa nne usiku mitaa mingi imelala. Vijana wakisafiri kwa kundi watachoka Solo. Wenye watoto wadogo au wazazi wazee watashukuru.

Wanaotoka Ghuba watapata kioja: mwaka 2022 ulizinduliwa Solo msikiti wa Sheikh Zayed, nakala ndogo ya ule wa Abu Dhabi, zawadi ya Falme za Kiarabu. Ni mzuri, ila kama umewahi kusali kwenye ule wa asili, usiupe nusu siku.

Imogiri, kusini ya Yogyakarta, ni mlima wenye makaburi ya kifalme uliofunguliwa na Sultan Agung mwaka 1632, na humo nyumba zote mbili zinazikana: watu wa Solo magharibi, wa Yogyakarta mashariki, wametenganishwa kwa ukuta. Ngazi ni zaidi ya 400. Makaburi hufunguliwa siku chache tu za juma, na ndani huvaliwa Kijava: wanawake hufunga kemben, kitambaa cha kifuani kinachoacha mabega wazi. Kwa mwenye kuvaa hijabu hilo ni jambo la kujua kabla ya kupanda.

Kutoka kwetu njia ya kawaida ni kupitia Doha au Dubai hadi Jakarta. Kutoka Jakarta treni huchukua saa sita au saba hadi Yogyakarta, na nyingi huendelea hadi Solo Balapan. Kati ya miji hii miwili kuna treni ya umeme tangu 2021, nauli rupia 8,000, zaidi kidogo ya saa moja. Ndani ya miji, pikipiki za programu za simu hufanya kazi ileile ya bodaboda, kwa bei isiyo na ubishi.

Mwenye siku tatu ambaye hajawahi kufika Java alale Yogyakarta, na asijilaumu. Aliyewahi kuiona Borobudur, au asiyejali mawe kuliko nguo, chakula na ngoma, alale Solo. Mwenye siku tano afanye tatu kwa mbili, akishuka Brambanan njiani na begi dogo. Anayelala Yogyakarta na kutaka kuigusa Solo kwa siku moja aangalie kalenda: kasri la Yogyakarta na ngazi za juu za Borobudur kwa kawaida hufungwa Jumatatu, kasri la Solo Ijumaa. Basi Jumatatu ndiyo siku ya kupanda treni kwenda Solo, na kama Jumatano ni huru pia, aende Jumatano, kwa sababu ya yale mazoezi ya Mangkunegaran.